Chumvi Mwachie Mdogo Wako

Kopo lenyewe ni la maziwa ya unga. Karatasi yake ilishabanduka zamani, na ukingo wake umepata kutu. Mama alipofariki, wadogo zangu waligawana vitenge na sufuria. Mimi nikasema nataka kopo la chumvi, na wakanitazama kwa huruma kama mtu ambaye msiba umempanda kichwani. Nikalifunga kwenye kanga, nikapanda nalo basi kutoka Mbalizi mpaka hapa Iringa ninakoishi, na njia nzima lilikaa mapajani. Ukilifungua, unachosikia kwanza si chumvi. Ni moshi wa maranda ya mbao, maana lilikaa miaka mingi juu ya rafu ya jikoni kwetu, na jiko letu lilikuwa la maranda.

Wiki iliyopita nilikuwa nalo mkononi binti yangu aliponisomea swali la kazi ya nyumbani. Yuko darasa la sita. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, kalamu mdomoni.

"Eleza maana ya neno balehe, na neno hilo limetoka wapi."

Nikajibu haraka haraka, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa. Nikasema balehe ni kipindi ambacho mwili wa mtoto unaanza kuwa wa mtu mzima, na neno limetoka kwenye Kiarabu, maana yake kufika.

"Kufika wapi, mama?"

"Kufika tu. Andika."

Akaandika. Mimi nikabaki nimeshika kopo, sijui kama nimeshatia chumvi kwenye maharage au bado. Nilipoonja, nilikuwa nimetia mara mbili.

Sasa niseme ukweli. Neno hilo nililijua maana yake nikiwa na umri wa binti yangu. Nililikariri, nikaliandika kwenye mtihani, nikapata vema nyekundu kubwa, na halikunisaidia chochote. Kuna maneno unaweza kuyajua vizuri kabisa na yakakupita mlangoni usiyatambue.

Kwetu Mbalizi chumvi ilikuwa kazi yangu. Baba ni Mnyakyusa, seremala wa vitanda na makabati. Mama alikuwa Mhehe wa huku Iringa, kwa hiyo nyumbani tulikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja na lafudhi yake. Karakana ya baba ilikuwa uani, hatua chache kutoka jikoni, na maranda yaliyoanguka chini ya meza yake mama aliyakusanya kwenye gunia kwa ajili ya jiko. Unayashindilia kwenye debe, unaacha tundu katikati, unawasha. Moto wake ni wa polepole na moshi wake una harufu tamu ya msonobari. Mpaka leo nikipita penye mbao zinazopasuliwa, tumbo langu linadhani kuna maharage.

Tangu nikiwa na miaka saba au minane, mama alikuwa akipika, sufuria ikishachemka, anaita, "We, njoo utie chumvi!" Naacha nilichokuwa nacho, nakimbia. Ananifunulia kopo, nachota kwa ncha za vidole, narusha, nakoroga mara tatu, narudi kucheza nimenyoosha shingo. Nilikuwa nafanya vizuri, sisemi kwa kujisifu. Mama Ambakisye, jirani yetu, akija kuazima kitu na kuonjeshwa mboga, alikuwa anaushika mkono wangu na kuugeuza geuza. "Ee, mkono huu! Huu usije ukaolewa mbali. Ndaga fijo, mwanangu." Nami namshukuru kwa kushukuriwa.

Jambo moja tu lilinichanganya. Mama hakuniita kila siku. Aliniita siku nne, tano hivi, mfululizo, asubuhi na jioni, kisha ghafla anaanza kutia mwenyewe. Wiki zinapita namzunguka jikoni, anatia mwenyewe kana kwamba hanijui. Halafu siku moja, bila sababu, "We, njoo utie chumvi!" Nilijitahidi kuelewa. Nilidhani nimefanya kosa, nikawa mtoto mzuri kupita kiasi, nateka maji bila kutumwa. Nilipoona haisaidii, nikaamua kwamba ulimi wa mama unaugua kila baada ya muda, haupati ladha, na zile siku ndizo anapohitaji wa kwangu. Maelezo hayo yaliniridhisha kwa miaka. Nilikuwa dawa ya ulimi wa mama, na hakuna mtoto mwingine pale Mbalizi aliyekuwa na cheo kama hicho.

Mpinzani wangu alikuwa mdogo wangu Sekela. Tulipishana miaka miwili, na Sekela aliisubiri ile chumvi kama naibu anavyosubiri mkubwa wake astaafu. Alikuwa anasimama mlangoni ananitazama nikirusha, midomo inacheza, anahesabu. Nilipoingia darasa la sita, mama aliniita siku moja tukiwa wawili tu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua uso.

"Wewe sasa mkubwa," akasema. "Siku ukijiona hauko sawa, chumvi mwachie mdogo wako."

"Sawa, mama."

"Umesikia?"

"Nimesikia."

Akaendelea na mchele wake. Nami nikatoka nimenuna, maana nilichosikia ni kwamba kiti changu kinatafutiwa mtu. Siku nikikohoa, siku nikisema kichwa kinauma, basi, Sekela anakalia. Pale pale nikaapa kimoyomoyo kwamba katika nyumba ile sitaumwa tena. Niliumwa malaria muhula ule na nikatia chumvi huku meno yanagongana.

Darasani nako tulikuwa tumefika kwenye somo lenyewe. Mwalimu wetu wa sayansi, mwanaume mpole mwenye koti la kaki, aliandika ubaoni BALEHE kwa herufi kubwa, akatugeuzia mgongo, akaanza kusema na ubao. Tukaitika kwa pamoja: balehe ni kipindi cha mpito kutoka utoto kwenda utu uzima. Tukarudia mpaka madirisha yakatetemeka. Akasema neno hili ni la Kiarabu na asili yake ni kufika. Kisha akasema ukurasa unaofuata tutajisomea wenyewe nyumbani. Kitabu kilikuwa kimoja kwa watoto watano, na ukurasa unaofuata ulikuwa umechanwa.

Nilikwenda kwa baba, nikamuuliza balehe ni nini hasa. Alikuwa anapima mbao. Akaipima tena mbao ile ile. "Mama yako anajua," akasema. Mama akasema, "Si mna mwalimu?" Mwalimu akasema soma kitabu. Nilipokipata kitabu zamu yangu ilipofika, chini kabisa, pembeni ya ule mchano, kulikuwa kumebaki mstari mmoja: kwa maelezo zaidi muulize mzazi au mlezi wako. Nikafunga kitabu. Nikaona balehe ni kama mambo ya mabara na bahari, vitu vya kujibia mtihani, na vinawapata watu wa kwenye michoro.

Somo lililofuata lilikuwa kichocho. Hilo mwalimu alilifundisha akitutazama usoni, tena kwa moyo wote. Alichora konokono. Alisema mtoto anayecheza kwenye maji ya mtoni anaingiwa na mdudu, na baada ya muda anaanza kuona damu anapojisaidia, na asipotibiwa anaisha. Mimi sikupumua. Mto tulikuwa tumekatazwa, na mimi na wenzangu tulikuwa tunapita humo kila tukitoka shule, sketi tumezikunja, kwa sababu darajani ni mbali na kwenye maji ni raha.

Kwa hiyo ilipokuja, Jumamosi moja ya baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa, mimi sikuwa na wasiwasi wowote kuhusu jina lake. Nilikaa chooni nikatazama, nikasema, kichocho.

Nilikuwa na hofu ya kufa, lakini hofu ya kuulizwa ulifuata nini mtoni ilikuwa kubwa zaidi. Nikachana kipande cha kanga kuukuu, nikajisitiri ninavyojua. Siku ile, bahati mbaya, ilikuwa katika zile siku za mama. "We, njoo utie chumvi!" Nikaenda. Mama akanitazama kidogo zaidi ya kawaida.

"Uko sawa?"

Sekela alikuwa mlangoni, midomo inacheza.

"Niko sawa, mama."

Nikachota, nikarusha, nikakoroga mara tatu. Jumapili hivyo hivyo. Jumatatu hivyo hivyo. Baba alikula, akasifu, akaniita "mama" kama alivyoniita siku zote, maana nimepewa jina la mama yake. Jumatatu ile ile jioni akaanza kukohoa.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na maranda. Vile vitambaa nilikuwa navificha ndani ya gunia la maranda pale karakana, nikipanga kuvichoma. Jumanne mama alikuja kuchota ya jiko, akaingiza mkono, akatoka nacho kimoja. Nilikuwa nimesimama pale pale. Akakaa chini juu ya mbao, taratibu.

"Tangu lini?"

Ningesema Jumamosi, ningeulizwa mbona umekaa siku zote hizo. Ningefika mtoni.

"Leo, mama."

Akashusha pumzi ndefu. Nilidhani anashusha hasira. "Leo," akarudia, kisha akakunja kile kitambaa ndani ya kingine, akanyanyuka. Nikamsubiri aseme. Nikamsubiri anipige hata. Alinipita bila kuniangalia, na mchana ule nikamsikia anaita kwa sauti niliyoizoea, ile ile, isipokuwa jina.

"Sekela! Njoo utie chumvi!"

Sijawahi kuumizwa hivyo tena, na nimeachwa na mume. Sekela alipita mbele yangu kwa mbio. Mama hakusema neno kwangu siku ile wala iliyofuata, zaidi ya "shika hiki" na "weka pale". Nikimtazama, anatazama jiko. Nilijua basi kwamba nimemchukiza mpaka mwisho. Alikwenda kwa Mama Ambakisye, wakati ule wao ndio wenye simu, akampigia mama yake huku Iringa. Niliyoyasikia ni kikohozi cha baba kutoka karakana na mama akisema, "Ndiyo, amekua. Nakuletea." Shule zilikuwa zimeshafungwa. Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye basi, nimekabidhiwa kwa mwanamke tuliyesali naye kanisa moja, na mama amesimama chini ya dirisha amejifunika kitenge. Aliinua mkono kama anataka kuugusa mkono wangu dirishani. Basi likaondoka. Mpaka Makambako nililia nikijua nimefukuzwa kwetu.

Bibi alinipokea Ipogolo, chini ya mlima, kwa kicheko. "Kamwene, mjukuu wangu! Acha nikuone! Umekua kweli!" Nikamtazama kama mtu aliyepotea kituo. Kwetu watu wamenuna, huku watu wanacheka, na mimi ni yule yule na kichocho changu. Shangazi zake mama walikuja, wakanishika mabega, wakanipa doti mpya ya kanga. Kuku akachinjwa. Nilikula paja nikijiuliza kama ndivyo wagonjwa wanavyoagwa.

Siku ya pili Bibi akanikalisha kwenye mkeka, mlango umefungwa, jua linaingia kwa nyufa. Akanieleza. Alisema wazi, bila ubao wa kugeukia, damu hii ni nini, inatoka wapi, itarudi lini, nijisafishe vipi, na wanaume sasa niwatazameje. Nilimkatiza.

"Bibi, kwa hiyo hiki si kichocho?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Kichocho! Mungu wangu! Nani kakwambia?"

Nikajikuta namwambia: balehe ni kipindi cha mpito kutoka utoto kwenda utu uzima. Nilisema lote, kwa sauti ya darasani. Na katikati ya sentensi ndipo nilipoelewa kwamba neno lile na kile kitambaa ni kitu kimoja. Nilihisi aibu ya ajabu, kwa sababu nilikuwa nimepata vema.

"Mbona mama hakuniambia?" nikauliza.

"Mama yako? Haambii mama. Mama anamtuma mtoto kwa bibi, bibi ndiye anayesema. Mpaka mimi nimeshasema, yeye mdomo wake umefungwa. Hata kukutazama sana hawezi." Akanipapasa goti. "Yeye naye nilimpeleka kwa mama yangu hivyo hivyo. Alinichukia mwezi mzima."

Nilikuwa nimeanza kupumua. Kisha Bibi akaendelea na masharti. Usipite katikati ya vyombo vya baba yako vya kazi. Usiingie alikolala. Na chumvi usitie.

"Chumvi?"

"Mwanamke akiwa kwenye siku zake hatii chumvi kwenye chungu cha watu. Anaita mtoto asiyekua, ndiye anatia. Akikosea akatia mwenyewe, wanaume wa nyumba wanashikwa kifua. Wanakohoa. Wengine wanakohoa mpaka wanakwisha." Alisema hivyo kwa utulivu tu, kama anayesema usiache mlango wazi kuku watatoka. "Mama yako si alikwambia umwachie mdogo wako?"

"Aliniambia."

"Ulimwachia?"

Nilitazama ule mwanga kwenye nyufa. Vumbi lilikuwa linaelea ndani yake. Nilimsikia baba anakohoa, ingawa baba alikuwa mbali, kule Mbalizi.

"Nilimwachia, Bibi."

Sikuweza kusema vingine. Alikuwa amefurahi mno, na kuku alikuwa ameshaliwa. Baadaye, kama kwa kujisemea, akaongeza kwamba hata likitokea lipo la kufanya, kuna mizizi anapewa mwanaume anakunywa, mradi isemwe mapema. Nikaikosa na hiyo.

Ile likizo watu wa Iringa wanadhani nilikuwa mtoto mtulivu. Nilikuwa nasikiliza simu. Kila mama alipopiga kwa jirani wa Bibi, nilisimama karibu nikijifanya nachambua kitu, na kila mara Bibi aliuliza, "Na kifua cha baba watoto?" Kisha ananyamaza, anasema, "Ee. Ee. Pole." Mara ya tatu alisema, "Hospitali? Amelazwa?" Nikaangusha ungo wa maharage. Waliniokotea wakinitania kwamba wari ni wazembe. Kila mmoja alinitania kwa upendo, na mimi nilikuwa nimeua mtu.

Hilo ndilo lililokaa ndani yangu mwezi mzima, na sikulipunguzia ukubwa. Bibi alinifundisha mengi ya kweli. Damu ilikuwa kweli, ilirudi kweli. Kwa nini la chumvi peke yake liwe uongo? Nilifanya hesabu ya mtoto: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, kikohozi. Hakukuwa na pa kupenya. Nikaja kuelewa pia kwamba zile siku nne tano za mama hazikuwa za ulimi, na kwamba mkono wangu haukuwahi kuwa na kipaji chochote. Nilikuwa tu mtoto asiyekua. Ajabu ni kwamba, pamoja na baba kuwa hospitali, hilo nalo liliniuma.

Nilirudi Mbalizi shule zilipokaribia kufunguliwa. Njiani, tulipopita Makambako, ikarudi, siku ile ile Bibi aliyoihesabu kwenye vidole. Nikafika nyumbani mchana nikiwa hivyo. Baba alikuwa ametoka hospitali. Alikuwa amekaa karakana juu ya kitanda kisicho na godoro alichokuwa hajakimaliza, amevaa sweta mbili na kofia ya sufu, amekonda mpaka masikio yameonekana makubwa. Mama akanikumbatia, mara hii akanitazama usoni, akanipa sahani ya ugali na maharage. "Mpelekee baba yako. Maji ya kunawa naleta."

Nilipiga magoti, nikaweka sahani. Baba akaonja tonge moja, akatabasamu kidogo.

"Sekela bado mwoga. Tangu tumlalamikie kaunguza ndimi zetu, sasa hatii kabisa." Kisha akakohoa. Kikohozi kilitoka chini sana, kikamkunja.

"Baba, usife," nikasema. "Ni mimi."

"Wewe nini, mama?"

Nikasema yote. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, chumvi, mto, uongo kwa mama, uongo kwa Bibi. Nilisema mambo ambayo mtoto wa kike hamwambii baba yake, wala baba wa Kinyakyusa hayasikilizi, na huyu alikuwa mzee wa kanisa. Hakunitazama. Aliitazama sahani. Nyuma yangu nikasikia jagi linagonga mwimo wa mlango, nikajua mama amefika na amesikia tangu niliposema Jumamosi.

Nilikuwa nasubiri hukumu na nilikuwa tayari kuipokea.

"Mimi nakohoa kila baridi," baba akasema mwishowe, bado anaitazama sahani. "Tangu hujazaliwa. Nimemeza mbao miaka yote hii, daktari kaniambia nifunge kitambaa puani, mimi mbishi. Hukuwahi kunisikia nakohoa?"

Nilifikiri. Kusema kweli, nilikuwa nimemsikia kila mwaka. Sikuwa nimewahi kumsikiliza.

"Kalete kopo."

"Baba, leo siwezi." Nilisema kwa sauti ndogo. "Leo tena."

Nikaona anaivuta kofia yake mpaka ikafunika masikio. Alielewa. Mama akasema kwa hofu, "Baba watoto, jamani."

"Nina njaa," baba akasema. "Chakula hakina chumvi. Mama, kalete."

Nilikwenda nikalileta. Nilipochota, nusu ilimwagika kwenye maranda. Nilitia. Baba akachanganya kwa kidole, akakata tonge, akala. Akala yote, polepole, mimi nimepiga magoti na mama amesimama na jagi, hakuna aliyesogea, kama watu wanaomtazama mtu akivuka mto. Akapangusa sahani. Akakohoa. Akasema, "Sasa imekolea," na akaniomba maji.

Hakufa. Ana uzee wake mpaka leo, anafunga kitambaa puani, na vitanda bado anatengeneza. Lakini kila mwaka baridi ikianza nampigia simu, na akikohoa upande wa pili, moyo wangu unaruka. Nina cheti cha chuo ukutani. Nawaeleza wenzangu kazini mambo haya ni imani tu. Na moyo unaruka.

Ninachoshindwa kukielewa ni mama. Kuanzia jioni ile hakumwita Sekela, wala mimi, wala yeye mwenyewe hakutia. Alipika bila chumvi, akaweka kopo katikati ya mkeka. "Kila mtu atie yake," akasema. Ikawa hivyo nyumbani kwetu mpaka alipofariki, wageni wakishangaa. Sikujua kama alifanya hivyo ili nisiguse tena chungu cha mumewe, au ili mtu yeyote asiweze tena kunipokonya chumvi. Alikuwa ananiogopa au alikuwa ananitetea? Nilipokuwa mkubwa nilijaribu kuuliza mara mbili tatu. Kila mara alipata mchele wa kuchambua. Wanaposema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, huwa nakasirika, maana kuna mama waliofungwa midomo na mama zao.

Hayo yote ndiyo niliyokuwa nikiwaza wiki ile, baada ya swali la kazi ya nyumbani. Na katika kuwaza nikajikamata. Kwa mwaka mzima, tangu nilipolileta kopo hili, kuna siku natia chumvi mwenyewe na kuna siku naita, "We, njoo utie chumvi!" Sikuwa nimepanga. Sikuwa hata nimegundua. Binti yangu anakuja mbio, anachota, anarusha, anarudi kwenye daftari lake amenyoosha shingo.

Juzi niliita. Alikuja, lakini hakukimbia. Akasimama mlangoni, akalitazama kopo, akalitazama jiko, mikono nyuma.

"Leo tia mwenyewe, mama."

Nilidhani ni uvivu. Nikafungua mdomo nimgombeze, kisha nikamwona usoni.

"Nani kakwambia usitie?"

"Bibi wa Mbalizi. Kabla hajafa, tulipokwenda likizo." Alikuwa anasema na sakafu. "Alisema nikiwa hivyo nisitie, nikwambie utie mwenyewe, wewe utaelewa."

"Alisema nini kingine?"

"Alisema yeye aliogopa, akanyamaza. Alisema wewe hutanyamaza."

Maharage yalikuwa yanachemka yanamwagikia moto. Nilisimama nimeshika kifuniko, na kwa muda nisioujua nilinyamaza kabisa, vile vile kama mama. Kisha nikazima jiko, nikavuta kigoda cha pili, nikamwambia akae. Maneno ya kitabu yalikuja yote, nikayaacha yapite. Nikaanza na kichocho.